Karatasi za Guangzhou

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Baba yako kaniambia viza imetoka na tiketi umeshakata, unapitia Addis Ababa hadi Guangzhou, uwahi maonyesho ya Aprili kule Pazhou. Nimefurahi mno. Mambo ya vitambaa na kontena utafundishwa vizuri zaidi na wenzako wa Kariakoo kuliko mimi, maana safari hizo nimeziacha muda sasa. Ninalotaka kukuandikia ni jambo wanaloliona dogo, na kwa hiyo hawatakuambia: dereva wa teksi. Ndiye mtu wa kwanza utakayemkabidhi roho yako na mkoba wa mtaji wako, na hamtakuwa na hata neno moja la kuelewana.

Nikueleze yaliyonipata. Mwaka 2014 nilifikia Xiaobei, mtaa ule uliojaa Waafrika. Siku moja nilikwenda Shenzhen, nikarudi usiku kwa treni ya kasi. Asubuhi yake nikataka kwenda soko la nguo la Baima, lililo jirani na stesheni ya reli ya Guangzhou. Kutoka Xiaobei si mbali. Nikasimamisha teksi, nikasema “Baima,” dereva akanitazama tu. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Wapi! Nikakumbuka kwamba tiketi ya jana ninayo kwenye pochi, na imeandikwa jina la stesheni. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, akawasha mita, tukaondoka.

Tukavuka mto Zhujiang. Tukaenda, tukaenda, maghorofa yakaanza kupungua na mita inapanda. Moyoni nikaapa kwamba naibiwa. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, nikachanganya na Kiingereza, nikagonga kiti chake kwa kiganja. Yule baba, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ananyooshea kidole ile tiketi na kurudia neno moja, “Nan, nan.” Nikampokonya. Akanifikisha kwenye stesheni kubwa kama uwanja wa ndege, nikamtupia hela kitini, nikashuka bila kumtazama usoni.

Humo ndani nikakutana na kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma huko. Nikamsimulia nilivyoibiwa. Akaomba aione tiketi, akaisoma, akaniambia kwa upole, “Mama, hapa pameandikwa Guangzhou Kusini. Nan ni kusini. Na hapa tulipo ndipo penyewe.” Stesheni ya Kusini iko Panyu, ilifunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya treni za kasi. Niliyoitaka mimi ni ile ya zamani, ndani ya mji. Yule dereva alinipeleka pale pale nilipomwambia, nami nikamlipa matusi. Nilitoka mbio kumtafuta nje. Alikuwa ameshaondoka.

Ndiyo maana nakusihi, kabla ya neno lolote la biashara jifunze bei, nan, dong na xi. Hizo ni kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Stesheni hutofautishwa kwa maneno hayo, na barabara ndefu hukatwa vipande kwa maneno hayo hayo. Huanshi Dong na Huanshi Xi kwa macho yako ni barabara moja, lakini ukikosea silabi ile ya mwisho unashushwa upande usiokuhusu kabisa, na mizigo yako mkononi.

Wala usitegemee kuyatamka. Kichina sauti ikipanda au ikishuka, maana imebadilika. Wewe mfanyabiashara hebu fikiri: kununua ni mai, na kuuza ni mai, kinachotenganisha ni mlio wa sauti tu! Sasa jina la mtaa ulilolisoma kwa herufi zetu na kulitamka kwa ulimi wa Ilala, kwa dereva linaweza lisiwe neno lolote. Hata ukimwandikia kwa herufi hizi zetu, wengi watakurudishia karatasi. Kupaza sauti hakusaidii hata chembe. Kunamfanya aone una ugomvi naye.

Kwa hiyo tembea na maandishi ya Kichina. Ukifika hotelini, kabla hujapanda chumbani, chukua kadi yao mapokezi, kisha ipige picha. Kila mwenye kiwanda unayekwenda kumwona akutumie anwani kwa Kichina, nawe uinakili kwa herufi kubwa au umwombe mtu wa mapokezi akuandikie. Simu ikiishiwa chaji, karatasi inaendelea kusomeka. Huduma za Google hazifunguki kule kwa njia ya kawaida, basi programu ya kutafsiri iwekwe kwenye simu ukiwa bado hapa nyumbani. Vijana wenzako watakuelekeza pia kuita gari kwa DiDi: unaandika kwa Kiingereza, dereva anasoma kwa Kichina, na nauli unaiona mapema. Akikuuliza kitu unapoingia, mara nyingi anataka tarakimu nne za mwisho za simu yako. Hapo hakuna ubishi wa nauli, nami nafurahi kwamba utaanzia hapo.

Uwanja wa ndege, usimfuate mtu anayekujia ndani akikuonyesha bei kwa vidole. Panga foleni ya teksi nje, upande gari lenye mita. Vidole vyenyewe si vyetu: Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Gumba na kidole cha shahada vikinyooshwa ni nane, wala si mbili. Gumba na kidole cha mwisho ni sita.

Ukilipa taslimu, kuwa na noti za kumi na za ishirini. Wapo wachache wenye mchezo wa kuipokea noti yako ya mia, kuibadilisha haraka na kukurudishia ya bandia wakidai ndiyo uliyowapa. Na risiti usiiache kamwe. Ina namba ya gari, na begi likisahauliwa nyuma, ile risiti ndiyo itakayolitafuta.

Kuna magari yatakayokupita ukiwa umeinua mkono. Mengine ni kwa sababu zamu inabadilika, maana jioni madereva hukabidhiana magari na hawataki safari ya mbali. Mengine, sitakuficha, ni kwa sababu ya rangi yako. Inauma, na ina haki ya kuuma. Lakini usimwadhibu anayesimama kwa kosa la aliyepita, kama nilivyofanya mimi. Wengi wa madereva wale nao ni wageni mjini, wametoka mikoa ya mbali kutafuta riziki kama wewe. Ukiingia, msalimie, mwite shifu. Ni jina la heshima wanalomwita mtu mwenye ujuzi wake, kama sisi tunavyosema fundi. Utaona uso unavyobadilika.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea karatasi nne, zote za Kichina. Ya kwanza ni soko la Baima, ya pili stesheni ya zamani, ya tatu ni ombi la kuwasha mita. Hizo nimeandikiwa upya wiki hii na binti wa Kichina mwenye duka Kariakoo.

Ya nne imechakaa, ishike taratibu. Aliniandikia yule kijana siku ile ile pale stesheni, nilipomwambia nataka kumrudia dereva. Imeandikwa: “Samahani sana, shifu. Kosa ni langu.” Ilikuwa mkononi mwangu nilipofika nje na kukuta gari halipo.

Mungu akutangulie.

Shangazi yako