Sudusi ya Bibi, Thumni ya Mama

Nilimaliza darasa la saba hapa Kilwa Kivinje nisijue kulinganisha 1/6 na 1/8. Sikuwa mtoro. Nilizoea tu kutazama asili, ile namba ya chini: ikiwa kubwa, nikadhani na sehemu yake ni kubwa. Nikaingia kwenye biashara ya samaki, na kwa miaka mingi hakuna aliyenidai hesabu hiyo.

Mirathi ndiyo iliyonidai. Baba alipofariki na madeni yake kulipwa, ilibaki minazi 72. Warithi tulikuwa wanne: bibi mzaa baba, mama, dada yangu na mimi. Shekhe akaandika: mama wa marehemu, sudusi, 1/6; mjane, thumni, 1/8, kwa kuwa marehemu ameacha watoto; kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Nikaisoma karatasi nikaridhika kwamba mama kamzidi bibi. Tulipofika shambani kutia alama, bibi akahesabiwa minazi 12, mama 9. Baba mdogo ndiye aliyeshika chokaa. Nikamwambia mbele za watu kwamba amempunja mjane ili ampendelee mama yake mzazi.

Baba mdogo hakuwa na hata mnazi mmoja katika mgao ule. Mtoto wa kiume wa marehemu akiwepo, ndugu wa marehemu harithi. Alitoka juani kwa ajili yetu, bila fungu lolote, nami nikamwita dhalimu.

Hakunijibu. Jioni akaja barazani, akaomba kunde kavu, akahesabu 24 juu ya mkeka.

“Mwanangu, zigawe mafungu sita.”

Kila fungu likapata kunde nne. Akazikusanya, akaniambia nizigawe mafungu nane. Kila fungu likapata tatu. Akachukua kunde nne kutoka mafungu mengine, akaziweka karibu na fungu moja la kunde tatu.

“Hii sudusi ya bibi yako. Hii thumni ya mama yako.”

Nililia. Wagawanaji wakiwa wengi, kila mmoja hupata kidogo. Kwenye samaki nililijua hilo tangu utotoni. Nikamwomba radhi, akanipa kabla sijamaliza kusema.

Nilimuuliza kwa nini 24. Akasema ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 6 na kwa 8 bila kubakisha. Shuleni tuliiita Kigawe Kidogo cha Shirika, nami nilikariri jina bila kujua kazi yake. Basi 1/6 ni 4/24, na 1/8 ni 3/24. Asili zikishalingana, unatazama kiasi, namba ya juu. Mafungu yote sita ya mirathi yaliyomo Suratun-Nisaa yanaenea katika 24: nusu 12, robo 6, thumni 3, thuluthi mbili 16, thuluthi 8, sudusi 4.

Mazoea hayakuniachia upesi. Nikiona 3/8 na 2/5, moyo ulikwenda kwa 3/8, hadi nitafute 40 nione 15/40 na 16/40. Nilijifunza usiku kwa daftari la mwanangu, naye hakunicheka.

Kama hesabu hii inakupita na umri umekwenda, mwombe mtu akae nawe. Baba mdogo bado hunipima tukitoka msikitini. Juzi alinipa 5/6 na 7/8, nikafika 20/24 na 21/24 kabla hatujavaa viatu.