Kwa Mpwa Wangu Chola, Kuhusu Jina la Mjomba Wako

Kashikishi, Nchelenge

Mpwa wangu Chola,

Mama yako mdogo amepona malaria, na tangu Machi mosi uvuvi umefunguliwa, kwa hiyo visamaki vyetu vya chisense vinaanikwa tena ufukweni. Barua yako ilifika. Niliisoma mbele ya wazee, kwani jambo hili si lako peke yako.

Unasema una miaka 22 na hutaki kurithi jina la marehemu kaka yangu ukawa mzee kabla ya wakati. Ukanieleza habari za miungu wa Ulaya ya kaskazini waliokula matofaa ya mungu wa kike Idunn wasizeeke. Hadithi nimeipenda, ila umeishia nusu. Mwenzao Loki alipomlaghai Idunn akatoka nje, jitu Thjazi lilimnyakua kwa umbo la tai, na miungu wale wakaota mvi. Hata Thor na nguvu zake alipigishwa goti na bibi kizee Elli, ambaye ndiye Uzee mwenyewe. Uhai wao wote ulikaa katika chombo cha matofaa cha mtu mmoja. Huku kwetu mzigo huo tumegawana.

Watazame Walunda wa Mwansabombwe. Wareno walifika mwaka 1798, wakamkuta mfalme wao, Mwata Kazembe. Livingstone akafika 1867, akamkuta Mwata Kazembe. Njoo kwenye sherehe ya Mutomboko mwezi wa Julai, utamwona Mwata Kazembe akicheza, naye ni wa 19. Mzee wao akisimulia jinsi waliotangulia walivyovuka mto Luapula, husema "nilivuka", na hakuna anayemwona mwongo.

Mimi nilirithishwa jina la mjomba wetu kabla sijaota ndevu. Alfajiri walinikalisha mkekani, wakanifunga ushanga mweupe. Haikupita wiki, akaja bibi mmoja, akaketi kizingitini akanyoosha miguu. "Uliniahidi wavu," akaniambia. Hakusema "aliniahidi". Nilihangaika mpaka nikaupata ule wavu. Watoto wa marehemu, wengine wakubwa kwangu, waliniita baba, na jioni nilikwenda kucheza mpira na wenzangu kama kawaida. Jina halikunizeesha, mwanangu. Lilinifundisha kusikiliza shida za watu.

Najua liko jingine unaloliogopa, nawe hukuliandika. Hakuna atakayekulaza na mjane. Desturi hiyo tumeiacha kwetu, maana ukimwi umetuzikisha watu wengi mno. Ushanga na unga vinatosha kukurithisha jina, na yeyote atakayekuambia vingine, mlete kwangu. Wala usije na macho kwenye mali. Asipoacha wosia mtu, sheria ya mirathi ya 1989 imekwisha kugawa: watoto nusu, mjane asilimia 20, wazazi asilimia 20, wategemezi asilimia 10. Nyumba ile si yako na mtumbwi si wako. Chako ni jina, na ahadi alizoziacha marehemu, na kugongewa mlango usiku mtoto wake akiugua. Hapo sitaki kusikia kwamba ulikuwa na usingizi.

Mitihani ikiisha, toka Lubumbashi upitie Kasenga. Vuka mto mchana, usithubutu usiku. Mama yako aje nawe, nataka awe ubavuni pangu siku hiyo. Unijibu kabla ya mwisho wa mwezi ili shangazi zako waanze kutafuta unga.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.