Mkono Usiosubiri

Mkono wangu wa kuume umenigeuka mara mbili maishani, na mara zote mbili nilikuwa kazini. Mara ya kwanza ulikuwa umeshika upote wa upinde, mara ya pili mpini wa nyundo. Watu wa Kamituga, mji wetu wa dhahabu mashariki mwa Kongo, walinitafutia sababu za kila aina: uchawi, pombe, vita, wivu wa jirani. Pombe siinywi. Vita ilitupiga sote, na wengi mikono yao ilibaki mizima.

Nilizaliwa katika uchifu wa Wamuzimu, wakati mji wetu ulikuwa bado mji wa kampuni. SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya madini, ikiwemo MGL ya Wabelgiji, ndiyo iliyokuwa na hospitali, shule na umeme. Baba alikuwa mtu wake wa shimoni, kule Mobale. Alitaka nimfuate. Mimi nikamfuata Mzee.

Mzee alikuwa Mtwa. Alizaliwa katika msitu wa Kahuzi, ambao serikali iliufanya hifadhi ya taifa mwaka 1970, kisha ikaipanua mwaka 1975. Batwa wakatolewa humo, wakatawanyika na vyungu vyao. Yeye aliangukia kwetu, ukingoni mwa msitu wa kuelekea Itombwe, akaendelea kuishi kwa upinde. Ulikuwa upinde mfupi, upote wake kekele, ile henzerani ya msituni, iliyopasuliwa na kukwanguliwa mpaka ikawa laini. Mshale ulikuwa wano jembamba lenye jani mahali pa manyoya, na ncha iliyokaushwa motoni na kupakwa sumu. Kinachomwangusha kima ni sumu, nguvu za mvutaji si kitu. Kwa hiyo kazi yote ni kusogea, kuvuta, kutulia, kuachia. Kusogea nilijifunza kwa mvua chache. Kuvuta hata mtoto anaweza. Kutulia ndiko kulikonichukua ujana wangu.

Mwishoni mwa 1996 vita ya kwanza ilitupitia, SOMINKI ikafa, mishahara ikakatika. Mwaka 1998 ikaja ya pili. Porini bunduki haikufaa tena kwa kuwindia, maana mlio wake uliwaita wenye bunduki nyingi zaidi. Upinde haupigi kelele. Hivyo mimi niliyekuwa nikipiga kima kwa ajili ya chungu cha mama nikageuka mleta nyama wa wachimbaji, nao walilipa kwa unga wa dhahabu. Nikimpata kima nimelipa chumvi, sabuni na dawa ya mtoto. Nikimkosa, ninarudi kwa mama wa duka kuomba tena, naye ananiuliza mbele za watu kama siku hizi ninawinda au ninatembea.

Hapo ndipo ugonjwa wa mkono ulipoanza.

Watu hudhani anayekosa hajui kulenga. Mimi nilikuwa nalenga sawasawa, na kulenga kwenyewe ndiko kulikokuwa kunaniharibu. Ncha ya mshale ikigusa tu pale ninapopataka, vidole vinaachia kabla sijaviambia. Mshale unatoka upinde ukiwa nusu, unapita chini ya tawi, kima anaondoka akinitukana. Siku nyingine ilikuwa kinyume: ncha inasimama shibiri moja chini ya mnyama na haipandi. Nasukuma, haipandi. Nikiugeuzia mti wa kando, inapanda bila taabu yoyote. Mkono ulikuwa na nguvu zake zote na jicho lilikuwa zima. Kati ya hivyo viwili kulikuwa na kitu kilichotaka jambo liishe haraka, lisiendelee hata kwa pumzi moja zaidi.

Mzee alinitazama nikikosa siku nzima, hakusema neno mpaka tulipowasha moto.

“Mwanangu, leo ulipiga au ulipigiwa?”

“Sijui, Baba.”

“Kesho mishale utaiacha nyumbani.”

Niliona aibu kubwa. Kwenda porini na upinde mtupu ni kama kwenda harusini bila nguo, na wakataji miti tuliokutana nao hawakunificha walichofikiri. Lakini yule mzee alijua alichokifanya. Upinde usio na mshale haupaswi kuachiwa: ukiuachia, nguvu yote inarudi ndani ya mti wenyewe na unaweza kupasuka. Kwa hiyo kila nilipovuta, nilikuwa sina budi kuurudisha upote polepole mpaka mwanzo. Ananionyesha kima juu ya mti, navuta, namlenga, namtazama anavyokula, narudisha. Tena. Tena. Mara za mwanzo vidole vilikuwa vikirukaruka vyenyewe, nikauma meno kuvizuia. Mkono uliokuwa umezoea kwamba kuona ndiyo kuachia ulikuwa unalazimishwa kujifunza kwamba mtu anaweza kuona, akakaa, akaondoka.

Jioni ilikuwa zamu ya mgomba. Alisimamisha gogo la mgomba hatua tatu kutoka niliposimama, karibu kiasi kwamba hata kipofu angelipata, akaniamuru nifumbe macho. Hapo mishale iliruhusiwa, isiyo na sumu. Pale hapakuwa na alama wala kitu cha kupata au kukosa. Kilichobaki ni mgongo unaovuta na vidole vinavyolegea. Akanipa na kazi ya mdomo: ninong’one “vuta, vuta, vuta” bila kukatiza, mpaka mshale uondoke wenyewe. Nikinyamaza kabla haujaondoka, alijua kwamba nimeuamuru, akanipiga fimbo ndogo kwenye goti. Niliichukia ile fimbo.

Baadaye alibandika jani kwenye gogo, akaniambia nifumbue macho. Ugonjwa ukarudi palepale, kama haukuwahi kuondoka. Hakushangaa. Akang’oa jani, tukaanza upya. Alipolirudisha, alisimama nyuma yangu, na mara nyingine nilipokuwa nimeshavuta mpaka mwisho alisema “rudisha”, mara nyingine akanyamaza. Sikujua kamwe ni lipi litakuja, na nadhani ndilo lililoniponya kuliko yote: mkono ulikoma kujipangia safari, kwa kuwa haukujua kama safari ipo.

Kima wa kwanza niliyempata baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka zaidi wale niliowavutia upinde, nikarudisha, nikaenda zangu ingawa nilikuwa na deni.

Mwanangu, aliyesomea Bukavu, alinisomea kwenye simu kwamba wapiga upinde wa mashindano nao huugua hivyohivyo, tena mabingwa. Katika Olimpiki wanalenga duara la upana wa sentimita 122 kutoka mita 70, na ile sehemu ya manjano katikati wanaiita dhahabu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu anayetaka kujua dhahabu inavyotetemesha mikono aje kwetu. Akaniambia pia wana kibati chembamba kwenye upinde kinacholia mshale ukifika mwisho wa mvuto, nao huachia kwa kusikia mlio ule. Nikasema huyo ni Mzee amegeuzwa bati: jicho linanyang’anywa amri, anapewa mwingine. Na Wajapani, kwa jinsi alivyosoma, wana jina maalumu la mshale unaotoka mapema, hayake, na walimu wao hupambana nao miaka na miaka. Basi si uchawi wa jirani.

Mzee alifariki. Mwaka 2006 Itombwe ikatangazwa kuwa hifadhi, na mimi, niliyejua jinsi Batwa walivyotolewa Kahuzi, sikungoja kufukuzwa. Nikashuka shimoni, pale ambapo baba alitaka niende tangu mwanzo.

Wasiojua kazi yetu waelewe jambo moja. Mwamba wenye dhahabu, kwa asiye na mashine, unavunjwa na watu wawili. Mmoja ameshika burini, ile fimbo ya chuma yenye ncha. Mwingine anapiga kichwa cha burini hiyo kwa nyundo kubwa. Kichwa hicho ni kidogo, mwanga ni wa tochi ya kichwani, na chini yake kuna vidole vya mwenzako. Mwenzangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Tulifanya kazi pamoja miaka bila mkwaruzo, mpaka wiki ambayo PDG, ndivyo tunavyomwita bosi wa shimo, alitangaza kwamba mshipa umeonekana na kila mtu akaanza kukimbizana na wakati. Nyundo ikaanza kusimama juu ya bega langu. Naona kichwa cha burini, naona vidole, nyundo haishuki. Au inashuka yenyewe, mapema, inagonga ubavu wa chuma.

“Yaya, umechoka?”

“Sijachoka. Toa mikono.”

Wengine walisema ni hofu. Hofu ya shimoni ninaijua, kila mmoja wetu anaijua. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipofurisha mto na maji yakaingia kwenye mashimo ya hapa kwetu yaitwayo Detroit, vijana wengi walizama humo, na bado watu walirudi kushuka. Hofu ya namna hiyo inakaa tumboni, na mkono unaendelea na kazi. Hii yangu ilikuwa imekaa mkononi, tumbo likiwa limetulia. Mara hii sikumtafuta mganga. Tulichomeka burini kwenye udongo, bila mtu wa kuishika, nikawa nainua nyundo, nalenga, naishusha taratibu mpaka iguse chuma kama mtu anayeweka yai. Kisha kupiga macho yamefumbwa. Kisha shemeji akakaa nyuma yangu akisema “shusha” au “piga”. Haikuchukua muda mrefu kama ya upinde, kwa kuwa nilijua ninachokitafuta.

Siku hizi mabega hayaniruhusu, na mimi ndiye ninayeshika burini. Anayeshika husikia mambo ambayo mpigaji hayasikii. Mwaka jana kijana mmoja mwenye mkono mzuri alianza kuvuta pumzi mara mbili kabla ya kila pigo. Sikumngoja anivunje vidole. Nilimtoa nje, nikamtafutia gogo la mgomba, nikamwambia ainue nyundo na kuishusha bila kugonga. PDG akaja na daftari lake.

“Mzee, huyu mtoto namlipa apige.”

“Anapiga.”

“Anapiga nini? Sioni kitu.”

“Hapigi kitu,” nikamwambia. “Ndiyo kazi yake kwa sasa. Fungu lake likate kwangu.”