Majumba Yaliyolisahau Jua la Turkana

ALIYE juu mngoje chini, walisema wahenga. Lakini mjini Lodwar nilimwona nyanya mmoja akimngoja chini aliye juu, na ngoja ngoja hiyo almanusra imtoe roho.

Nilikuwa nimeteremka alfajiri kutoka kwenye basi la usiku litokalo Kitale, mgongo ukiniuma na nywele zimejaa vumbi. Baada ya chai na mandazi nilielekea katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa jina, kutafuta barua ya kuniruhusu kuendelea na safari yangu hadi Kakuma. Jengo lenyewe lilikuwa la kupendeza machoni. Vigae vinang'aa, vioo vipana vinameta, na mlangoni bendera inapepea.

Msomaji mpenzi, usidanganyike na rangi ya chai, huenda haina sukari. Kabla ya kuufikia mlango huo nilihesabu ngazi tisa, bila ukuta wa kushikilia wala njia ya mteremko kwa anayetembea kwa magongo au kiti cha magurudumu. Dirisha la kuhudumia watu lilikuwa limewekwa upande wa mashariki, na foleni ilisimama nje. Ofisi hufunguliwa asubuhi, na jua nalo asubuhi huwa mashariki. Basi kutoka saa mbili hadi adhuhuri wananchi hukaangwa kama samaki, kwani ukingo wa paa ni mfupi hata kuku hawezi kupata kivuli chake.

Aliyebuni dirisha hilo alitoboa tundu dogo kwenye kioo, chini mno kwa aliyesimama na juu mno kwa aliyeketi. Ukitaka kusikika, sharti uiname kama mtu anayechungulia mtungi.

Lakini ajabu ni kwamba foleni haikuwa na watu. Ilikuwa na viatu! Akala za mipira ya gari, ndara za plastiki na mawe mawili matatu, vyote vimepangwa kwa utaratibu hadi chini ya dirisha. Wenyewe walikuwa wamejibanza chini ya mti wa mathenge, hatua thelathini hivi kutoka hapo. Wazee walikuwa wameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho, na ambacho usiku hugeuka kuwa mto wa kulalia. Nilielewa mara moja kwa nini hawakiachi nyumbani. Jengo lote lile halikuwa na benchi hata moja la mgeni.

"Ejok," niliwasalimu.

"Ejok-noi," waliitikia, wakanisogezea nafasi kivulini.

NYANYA AANGUKA

Nyanya niliyemtaja alikuwa amekuja na mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya upili, kutafuta sahihi kwenye fomu ya basari. Siku ya mwisho ya kuirudisha fomu ilikuwa kesho yake. Walikuwa wametembea tangu usiku. Karani alipoita jina lao kutoka nyuma ya kioo, hakuna aliyesikia. Alipoita mara ya pili, nyanya alianza kuzipanda ngazi akishikilia bega la kijana. Alipofika ya tano, magoti yalimlegea akaanguka.

Tulimbeba hadi chini ya mti. Mtu mmoja alikimbilia bombani na jerikani, lakini bomba lilikuwa limefungwa karibu sana na ardhi, jerikani haikuweza kuingia chini yake. Ilibidi tukinge maji kwa kikombe, kimoja baada ya kingine.

Ndipo karani alipotoka nje, shati limelowa jasho chapachapa. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi, kipoza hewa kimekufa, na madirisha ya vioo hayafunguki kwa sababu yalijengwa yasifunguke. Nilikuwa tayari kumkaripia, lakini nilipomtazama nilimwonea huruma.

"Ndugu yangu," aliniambia, "sisi tulikabidhiwa funguo tu. Hakuna aliyetuuliza."

Mzee mmoja aliinuka, akampa karani ekicholong yake. Karani aliketi, akaiweka fomu juu ya goti, akatia sahihi na kupiga muhuri. Nyanya alitabasamu huku maji yakimchuruzika kidevuni. Naam, siku hiyo ofisi ilihamia chini ya mathenge, na kazi ikaenda kwa kasi kuliko pale dirishani.

Nikiwa njiani kuelekea Kakuma nilikumbuka kwamba serikali ya kikoloni ilimweka Jomo Kenyatta kizuizini papa hapa Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mkoloni alilijua vizuri jua hili, ndiyo maana akalitumia kama adhabu. Inakuwaje sisi tunaojenga kwa ajili ya kuwahudumia wananchi tulisahau?

DARASA AU TANURI?

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi. Waandishi wa kigeni hupenda kudai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "pasipo mahali". Mimi nimepekua kamusi zangu zote na sijaliona! Hapo ni mahali, tena penye watu wengi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa 1992 vijana waliotoroka vita vya Sudan walipowasili, na baadaye makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani.

Niliingia katika shule moja saa sita mchana. Darasa lilikuwa la mabati juu na vidirisha vidogo pembeni, na wanafunzi ndani walizidi mia moja. Bati lisilo na dari hulivuta joto la jua na kulimwaga moja kwa moja vichwani mwa watoto. Mvua nayo, siku moja moja inaponyesha, hupiga kelele juu ya bati hilo hata mwalimu akabaki kuongea kwa ishara. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba masomo magumu kama hisabati huyamaliza kabla ya saa nne, kwani baadaye "vichwa vinakuwa vimeshaiva".

Lakini lililonichoma moyo zaidi ni vyoo vya wasichana. Milango yake inatazama uwanja wa mpira, na chini imeacha nafasi wazi. Wasichana wakubwa huona aibu kwenda huko wavulana wakiwa uwanjani. Wanafanyaje? Hawanywi maji kutwa nzima. Hebu fikiria, mzazi unayesoma gazeti hili sebuleni, binti yako akijinyima maji kwenye joto la Turkana kwa sababu fundi hakufikiria mlango utazame wapi!

SOMO LA KALOKOL

Makosa haya hayakuanza jana. Nikirudi nilipitia Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, ambako Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika 1981 kwa gharama ya dola milioni 22 hivi za Marekani. Mitambo ya baridi ilihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, katika jangwa lisilo na vyote viwili. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu kikafungwa. Miaka hiyo ya themanini ziwa nalo lilipungua na Ghuba ya Ferguson ikakauka.

Hata hivyo, si kwamba haiwezekani kujenga vyema. Huko Loropio, kando ya ziwa hilo hilo, kuna chuo cha mafunzo ya kompyuta kilichokamilika 2021, kazi ya msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso. Kimejengwa kwa mawe ya hapo hapo, na minara yake mirefu, iliyoiga vichuguu vya mchwa, huruhusu hewa ya moto kupanda na kutoka juu huku hewa baridi ikiingia chini. Kéré mwenyewe alisoma utotoni katika darasa lenye joto kali, na jengo lake la kwanza lilikuwa shule ya kijiji chake cha Gando, lenye bati lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati. Mnamo 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ile kuu ya usanifu majengo. Huyu aliyaonja machungu ya joto kabla ya kushika kalamu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Wanawake wa Kiturkana, ambao ndio wajenzi wa nyumba zao, hujenga akai ya kulala usiku na kibanda kingine cha kivuli cha mchana, kilicho wazi kwa upepo. Hawajasomea chuoni, lakini wanajua jua hupita wapi.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote pa umma. Ngazi tisa za Lodwar zinaikejeli haki hiyo. Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, msanifu na aje bila gari lenye kipoza hewa, asimame penye foleni kutoka saa mbili hadi adhuhuri, kisha amuulize nyanya angependa dirisha likae wapi. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.