Mawe Sita ya Redio

Umeniletea simu yako hapa barazani Gitambi, mjukuu wangu, ukaniambia humo ndani mna ngumi zote za dunia na nichague moja tuanze nayo. Nimekusikia. Ila kabla hujabonyeza kitu, vuta jamvi ukae, mwambie mamako atuletee chai, kwa sababu ngumi nitakayokuchagulia mimi sikuiona siku ilipopiganwa. Niliisikia, tena niliisikia kupitia mdomo wa mtu mwingine, na ilipita zaidi ya miaka 20 ndipo nikajua kama mtu yule alituambia kweli.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 17. Kiwanda cha simenti hakikuwapo bado kule bondeni, na kijana wa hapa aliyetaka hela alikuwa na njia mbili: kuchuma kahawa ya wenyewe, au kuvuka Rusizi kwenda Bukavu. Mimi nilivuka. Nilitoka hapa na jogoo wa kwanza, nimebeba ndizi na chupa ya samli ya mama, nikafika darajani jua limeinama, nikasimama kwenye foleni ya kibali nyuma ya wanawake wenye vikapu vya maharage. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Kadutu, kule juu mlimani ambako nyumba zimepandiana kama watoto kwenye lori. Harufu ya Kadutu haijanitoka puani mpaka leo: ndagala za Uvira zilizoanikwa kwenye magunia, mawese yanayochemka, uchungu wa maganda ya kinini unaopeperushwa na upepo, na humo kibandani moshi wa risasi ya kulehemu uliokaa kwenye nguo za mjomba hata zikifuliwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba sikio la kulia, na alikuwa na tabia ya kukaa kimya kabla ya kujibu, hata ukimuuliza bei.

Kazi na Kifaransa alivipata katika duka la Mgiriki mmoja mjini. Duka lile lilichukuliwa baada ya amri za Mobutu za Novemba 1973, akapewa mwenyeji ambaye hakujua redio hufunguliwa upande gani. Aliuza mali yote iliyokuwamo, zikabaki rafu. Mjomba akatoka na bisibisi zake tatu. Sikumsikia akilalamika, lakini kila tulipopita mbele ya mlango ule aliangalia upande wa pili.

Sasa, ngumi yenyewe. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi walimhesabu mzee. George Foreman alikuwa na 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mapambano 40 bila kushindwa, 37 kati ya hayo akiwa amewalaza watu chini. Joe Frazier, aliyekuwa amempiga Ali mwaka 1971, Foreman alimwangusha mara sita katika raundi mbili huko Kingston. Ken Norton, ambaye naye alimshinda Ali na kumvunja taya, hakumaliza raundi mbili mbele yake. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na Mobutu akaukaribisha mchezo Kinshasa ili dunia iitaje Zaire. Zaire moja siku zile ilikuwa dola 2. Mjomba alikaa na penseli, akatuonyesha kwamba fungu la mtu mmoja ni zaire milioni 2 na nusu, na kwa kuwa andazi la mama wa pale kona liliuzwa likuta moja, fungu lile ni maandazi milioni 250. Mama mwenyewe alisikia hesabu ile akaacha kukanda unga, akauliza atayakaanga nani.

Mtaani kwetu Waislamu hatukuwa wengi, lakini tulimwona Ali kama mtoto wa jirani aliyekwenda mbali. Foreman hawakumpenda. Wapo walioapa kwamba ni mzungu, mpaka picha yake ilipotoka gazetini; na alipokuja na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, wazee waliokumbuka mbwa wa polisi wa Kibelgiji walimaliza habari yake hapo hapo. Mambo yalipangwa yafanyike tarehe 25 Septemba, ndani ya kumi la kwanza la Ramadhani. Mjomba akanunua mawe sita mapya ya redio, makuta 15 jiwe moja, jumla zaire moja kasoro makuta 10, hela ya kula siku kadhaa. Halafu tarehe 16 Septemba Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi ikasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki hawakuweza kungoja. James Brown, Miriam Makeba na Franco na jeshi lake walipiga Kinshasa mwezi ule ule wa Septemba. Mjomba aliyafunga mawe yake kwenye gazeti, akayazika ndani ya gunia la mchele yasipate unyevu, na kwa wiki tano wateja walikuja kuuliza mawe naye akawajibu hana. Mfungo ukaisha, Idi ikapita, mawe yamo mcheleni.

Walipigana alfajiri kwa ajili ya televisheni za Marekani. Saa kumi usiku ya Kinshasa ni saa kumi na moja kwetu, maana nchi ile ni pana hata ina majira mawili. Tuliamka gizani. Mjomba aliyapachika mawe moja moja, akiyafuta kila moja kwa pindo la shati, akaiweka Philips yake juu ya sanduku, na watu kama 15 wakaingia kibandani na wengine wakabaki mlangoni: madereva, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, vijana wa sokoni, na mama wa maandazi na karai lake. Sauti ya Kinshasa ilikuja ikiyumba kama mtu anayetembea kwenye mawimbi, Kifaransa cha haraka, na nyuma yake kelele ya watu elfu 60 wakimwimbia Ali kwa Kilingala kwamba amuue yule. Mjomba ndiye alikuwa mkalimani wetu. Neno lile la kuua hakulitafsiri hata mara moja. Tulipomuuliza wanaimba nini alisema, "Wanamtaka ashinde."

Ng'ambo ya njia palikuwa na baa yenye redio kubwa na spika mbili, kiingilio makuta 20, na mkalimani wao alikuwa kijana mwenye mdomo mtamu. Huyu alikuwa akisikia neno moja la Kifaransa anatoa kumi ya Kiswahili. Mjomba alisikiliza akiwa amefumba macho, kichwa kimeinama, halafu anasema maneno matatu au manne. Raundi ya kwanza alituambia: "Ali anapiga mkono wa kulia. Tena wa kulia. Haanzi na wa kushoto." Tukafurahi. Raundi ya pili akasema: "Ali yuko kwenye kamba." Mama wa maandazi akauliza nani kamfunga. Mjomba akachukua waya, akauvuta kati ya mikono yake miwili, akaniambia niuegemee kwa mgongo, akawaonyesha watu: hivi, ameegemea, ameziba uso, na yule anampiga mbavuni. Kisha akarudi redioni. "Anapigwa," akasema. Raundi ya tatu: "Anapigwa bado." Ya nne: "Anapigwa. Anamsemesha mwenzake."

Ukiwa na Ali moyoni, maneno hayo ni machungu. Na wakati huo huo baa ya ng'ambo inalipuka kwa shangwe, kwa sababu kijana yule amewaambia Foreman kaanguka. Watu wakaanza kutoka kwetu mmoja mmoja wakivuka njia. Nusu dakika baadaye shangwe nyingine: Foreman kaanguka tena. Raundi ya tano kibandani tulibaki wanne: mimi, mwalimu, mama wa maandazi na mjomba mwenyewe. Nilimwambia, nakumbuka kwa aibu, "Mjomba, nawe waambie kitu kizuri." Hakunijibu. Alinyoosha mkono akaongeza sauti kidogo.

Raundi ya nane nje palikuwa pameanza kupauka. Mjomba alifumbua macho, akasimama, na kichwa chake kikagonga bati. "Foreman ameanguka," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema Ali anapigwa. Sisi wanne tulipiga kelele mpaka jirani akatoka na taulo. Ajabu ni kwamba kule baa palikuwa kimya. Walikuwa wamekwisha kushangilia anguko lile mara tatu, na lilipokuja la kweli mkalimani wao hakuwa na neno lililobaki. Kadutu yote ilikuwa barabarani punde si punde, mabati yanagongwa, pikipiki zinazunguka. Mjomba peke yake hakutoka. Aliendelea kuinamia redio akiuliza, kana kwamba mtangazaji anamsikia, "Na yule mwingine, ameinuka?" Mtangazaji alikuwa na Ali, hakuwa na nafasi ya mtu mwingine. Mjomba aliuliza swali hilo siku nyingi, aliwauliza madereva waliotoka uwanja wa ndege, alimuuliza mwalimu, na hakuna aliyejali.

Mambo ya mwaka 1994 siwezi kukusimulia ndani ya habari za ngumi; yana siku yake, na nimekwisha kukuambia baadhi. Nitasema tu kwamba Novemba ya mwaka ule nilikuwa tena Bukavu, safari hii si kwa kutafuta hela, na kwenye redio ya mtu nikasikia kwamba George Foreman, ana miaka 45, amemlaza Michael Moorer raundi ya kumi huko Las Vegas na kuwa bingwa tena, miaka 20 baada ya Kinshasa. Baadaye nilijua kwamba alivaa bukta ile ile nyekundu aliyoshindwa nayo Zaire. Mjomba alikuwa amefariki. Nilikaa chini ya mti nikatamani nimpelekee jibu.

Kanda ya pambano lenyewe niliiona Kamembe miaka ya mwisho ya 1990, kwenye kibanda cha video, franga 50, harufu ya jasho na karanga, mlango umezibwa na blanketi. Nilikwenda nikiogopa kidogo. Nikaona kamba zilizolegea kwa joto na Ali ameegama nazo kama mtu aliyechungulia dirishani kwa mgongo. Nikaona Foreman anapiga, anapiga, ngumi za kuvunja mlango, na Ali kweli anapigwa. Mikono inazuia nyingi, lakini nyingi zinaingia, mbavuni na kwenye figo. Anasema na Foreman sikioni. Kila raundi inapokaribia kwisha anatoka ghafla na kumrushia mawili matatu usoni, na mikono ya Foreman inashuka nusu inchi, halafu nusu nyingine. Katika raundi ya tano Foreman alimwaga karibu kila kilichokuwamo. Raundi ya nane, zimebaki sekunde chache, Ali anageuka kutoka kwenye kamba, kulia, kushoto, kulia, na lile pande la mtu linazunguka likianguka. Ali alikuwa na mkono mwingine tayari. Akaushikilia, akamwacha aanguke peke yake. Na Foreman aliinuka, mjukuu wangu. Alikuwa anasimama wakati mwamuzi Zack Clayton anapunga mikono kwamba basi, hesabu imekwisha. Kibanda kizima kilikuwa kinamtazama Ali. Mimi nilikuwa namtazama yule mwingine akipanda kwa magoti.

Kila alichosema mjomba kilikuwamo. Hakuongeza, hakupunguza. Waliovuka kwenda baa walilipa makuta 20 kusikiliza ngumi ambayo haikupiganwa popote.

Nyingine tutazitazama, usiku ni mrefu. Utatazama Manila ya 1975, Ali na Frazier, raundi 14 mpaka kona ya Frazier ikamkatalia kuinuka kitini. Ile itazame ukiwa umeshiba, maana inaumiza. Utamtazama John Mugabi wa Uganda akisimama raundi 11 mbele ya Marvin Hagler mwaka 1986, yeye ambaye kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumfikisha kwenye uamuzi wa majaji. Utamtazama Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehamia Italia, akimpiga Mike McCallum kwa akili tupu mwaka 1988. Watu wa kwetu hawamtaji vya kutosha. Na Robert Wangila wa Kenya, dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, ambaye ulingo ulimchukua Las Vegas mwaka 1994. Huyo nitakuomba tumtazame Seoul tu.

Asubuhi ile ya Kadutu, watu walipokuwa bado barabarani, mjomba aliyatoa mawe yake sita akayapanga juu ya bati yapate jua, ingawa yalikuwa na nguvu bado. Redio ilikuwa imesema mvua kubwa imeshuka Kinshasa muda mfupi baada ya pambano, uwanja mzima umelowa. Kwetu anga lilikuwa jeupe. Alinikabidhi kazi ya kuyalinda, akaenda kulala, nami nikakaa pale na andazi nililopewa bure, nikiyageuza moja moja jua linavyosogea.

Chai imefika. Haya, bonyeza. Ruka maneno ya mwanzo, ruka na raundi ya kwanza, anzia ya pili. Na huyo mtangazaji mnyamazishe, nitakutafsiria mimi.