Wao Hubahatisha Alama, Sisi Hubahatisha Pesa

Huku Uingereza kijana huchagua chuo kikuu kabla ya kujua kama amefaulu. Wazazi wengi wa Kitanzania ninaofahamiana nao hapa Leicester hushtuka wakilisikia hilo mara ya kwanza. Maombi hutumwa kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa udahili, mwezi Januari, vyuo visivyozidi vitano, yakiambatana na alama ambazo walimu wanakisia kwamba mwanafunzi atazipata. Vyuo hujibu kwa masharti: lete A mbili na B moja, nafasi ni yako. Mtoto hubakiza viwili, kimoja cha kwanza na kingine cha akiba, ndipo anaingia kwenye chumba cha mtihani. Matokeo hutoka katikati ya Agosti.

Binti yangu alibakiwa na Leeds na Sheffield, miji iliyoachana kama saa moja kwa treni. Kote kuwili tulikwenda siku ambayo chuo hufungua milango kwa wageni. Wanafunzi wamevaa fulana za rangi moja, wanakupokea na kukuelekeza kama kamati ya harusi. Tulioneshwa maabara, maktaba, hadi jiko la bweni ambalo watu sita hulitumia pamoja. Akina mama wa Kiafrika, nikiwemo, tukafungua friji kupima kwa macho kama sufuria ya pilau itaingia. (Haitaingia.) Baadaye nikamwuliza mhadhiri mmoja habari za ada. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akamgeukia binti yangu na kumjibu yeye. Nilikasirika kidogo. Lakini ukweli ni kwamba anayeomba chuo alikuwa yeye, na mhadhiri yule alilijua hilo kunishinda.

Majira hayohayo mtoto wa kaka yangu, aliyesoma fizikia, kemia na baiolojia (PCB), alinipigia kutoka Songea. “Shikamoo shangazi. Wamenichagua Mlimani na Sokoine, na siku za kuthibitisha ni chache.” Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wamempa baiolojia ya molekuli na bioteknolojia; Sokoine cha Morogoro, tiba ya wanyama.

Huyu alama zake alikuwa nazo mkononi, hakuwa na cha kukisia. Tangu 2017, mfumo wa kuomba vyuo vyote kupitia Tume ya Vyuo Vikuu ulipoachwa, mwombaji hupeleka maombi chuoni moja kwa moja, na akichaguliwa zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha anakotaka kwenda. Anathibitisha kimoja tu. Ila Morogoro aliwahi kuipita akiwa ndani ya basi, na Mlimani aliijua kwa picha.

Kikao kikakaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Baba yake mdogo wa Dar akasema Mlimani ni Mlimani, mjadala umefungwa. Mwingine akasema bioteknolojia ndiyo dunia ya sasa, ingawa nina mashaka kama angeweza kuieleza. Bibi, aliyesomewa ujumbe wote na wajukuu, aliuliza kitu kimoja: atalala wapi? Kimara kwa baba mdogo kuna chumba; Morogoro hatuna mtu. Ujumbe ulishajaa ndipo mmoja wetu akakumbuka kumwuliza kijana mwenyewe. Akajibu kwa sauti, kwa kifupi: “Mimi naomba ya ng’ombe.”

Swali la bibi linaweza kuwachekesha walioko huku, lakini lilikuwa zito kuliko yote, maana wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kama kijana atapata mkopo. Bodi ya Mikopo hutangaza waliopangiwa baada ya udahili kukamilika. Kwa hiyo anathibitisha kwanza, halafu ndipo anajua kama ataweza kukaa huko alikothibitisha. Familia isiyo na pesa huchagua chuo kilicho karibu na ndugu, hata kama kozi si ile aliyoitaka mtoto.

Binti yangu hilo halikumgusa. Ada ya pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26 mkopo huipeleka chuoni moja kwa moja, awe Leeds au Sheffield. Atarejesha asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kitakachosalia baada ya miaka 40 kitafutwa. Deni la miaka 40 linatisha, sibishi. Nyumbani anayedaiwa na Bodi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hilo nalo ni chungu. Lakini deni la binti yangu halikumchagulia chuo.

Waingereza nao kasoro yao ya kubahatisha alama wanaijua. Mwaka 2020 walifuta mitihani kwa sababu ya Korona, wakatumia hesabu za kompyuta, na karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu huku England zikashushwa, mpaka serikali ikalazimika kurudi nyuma. Mwaka uliofuata wakakusanya maoni kuhusu kudahili baada ya matokeo, jambo ambalo Tanzania tunalifanya kila mwaka. Mwaka 2022 wakaliacha.

Kwa hiyo sitaki tuige kalenda yao. Ninachoomba ni Bodi ya Mikopo na Tume wakae meza moja, mwombaji ajue kiasi alichopangiwa kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa. Vyuo navyo vitenge Jumamosi moja kwa mwaka, vijana waingie waone mabweni na kuuliza maswali yao wenyewe. Nanyi ndugu zangu mlioko nje, kabla hamjaandika “Mlimani ni Mlimani” kwenye kundi, tumeni nauli kijana akapaone. Songea hadi Morogoro ni safari ya siku moja kwa basi.