Usitupe Kinga ya Slaisa

Ukipita Umoja, Kayole ama Buruburu jioni, utaona pakiti za krispi zimening'inia madukani. Nyingi hazikutoka kiwandani. Zimekatwa na kukaangwa na mama wa mtaani jikoni mwake, na karo ya mtoto imo humo humo. Chombo chake cha kazi ni slaisa, yaani ubao wenye wembe katikati. Unatelezesha kiazi juu yake, nacho kinashuka vipande vyembamba.

Mimi naipenda slaisa. Kwa kisu ni vigumu kupata vipande vinavyolingana, na visipolingana, vingine huungua huku vingine vingali vibichi. Lakini mtaani kwetu nimeona vidole vingi vilivyofungwa kitambaa, na mara nyingi kisa ni kimoja: ile kinga ya kushikia kiazi ilitupwa siku slaisa iliponunuliwa, eti inachelewesha kazi.

Ukienda kununua Gikomba, ama kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji, usianze na bei. Igeuze slaisa uitazame. Je, wembe umekazwa au unacheza? Ni wa chuma kisichoshika kutu? Miguu ina mpira wa kuizuia kuteleza? Kinga ipo, tena ina meno ya kushika kiazi? Isipokuwa na kinga, rudisha. Rahisi ni ghali.

Nyumbani, tandaza kitambaa chenye unyevu chini ya slaisa ili isitembee. Kausha kiazi na mikono, kwa maana maji ya kiazi huteleza. Kikate upande mmoja kiwe bapa, kipate kutulia. Kisha sukuma polepole. Ukiona unatumia nguvu nyingi, wembe umekuwa butu. Na wembe butu ni hatari, kwa sababu mkono uliosukumwa kwa nguvu hauna breki.

Hatari kubwa huja mwishoni. Kiazi kimepungua, vidole vimeshuka, nawe unataka kumaliza hicho kidogo. Kikibaki unene wa kidole gumba, acha! Kipande hicho kitie kwenye mchuzi.

Ukimaliza, usiitumbukize slaisa katika beseni la povu, maana mkono mwingine utaifuata humo bila kuiona. Ioshe peke yake kwa brashi, uiweke mbali na watoto. Nawe mwanafunzi unayepika bedsita, usikate huku macho yako yako kwenye simu.

Ajali ikitokea, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, na usifungue kila mara kuchungulia. Kaa hivyo dakika 10. Damu isipokoma, ama jeraha likiwa refu kwenda chini, nenda hospitali, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda. Viazi vilivyoguswa na damu, tupa vyote.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Fikiria mama anayeishi kwa krispi: kidole kikikatika, karai linapoa siku kadhaa, na wateja wanahamia kwa jirani. Kinga inamchelewesha dakika chache tu. Ukiitoa slaisa kwenye boksi leo, tafuta kile kidude cha plastiki kilichobaki ndani, ukiweke pale mkono wako unapofika kwanza.